Kanzu ya Pasaka

Ndani ya basi la 71, huko ughaibuni, mjane Dafrosa alishika rozari mkononi, masikio yakiwa kwenye kiti cha mbele, ambako binti mmoja alikuwa akipiga chafya. "Papa, Pasaka niko na solo, na kila nikivaa kanzu ya kwaya, sauti inakufa."

"Unaianika wapi?" akauliza mzee aliyekaa naye.

"Ku balcon, ku jua, kama Bukavu."

"Voilà! Miti ya huku inamwaga vumbi ya maua, inanasa mu kanzu. Anika mu douche, kule bafuni."

"Kanzu ya Mungu mu douche? Jamais!"

Dafrosa, mfuaji wa kanzu za parokia yake, alikubaliana na binti. Kisha akakumbuka chafya za wanakwaya wake kila Aprili, alizokuwa akimsingizia shetani.

Basi liliposimama kituo cha Porte de Namur, binti alishuka, akageuka mlangoni.

"Papa, na dirisha ya douche, nifunge?"