Vikombe Viwili kwa Mfumo wa Bure

Benchi letu liko mlangoni pa studio ya mdogo wangu, Bi Picha. Mimi fundi viatu ndiye mwenye benchi, kwa hiyo upuuzi wote huanzia magotini pangu. Hapa ubishi ukikwama tunapiga kura kwa kufunika vikombe vya kahawa. Leo kompyuta ya studio ilikuwa inaganda kila dakika, na ndani mna picha za harusi. Za kwenye kamera mdogo wangu alishazifuta, apate nafasi ya kazi nyingine.

Chumvi, kinyozi, akasema tubaki na mfumo uleule wa kompyuta, wa madirisha, ndio rahisi, hata nyanya yake anauweza. Nikasema bora tuhamie ule wenye nembo ya tunda, hauyumbi. Profesa, fundi redio, akatucheka wote. Wa bure, akasema, ndio unaorusha vyombo angani, utashindwa na shela la bibi harusi?

— Kipya kinyemi, ndugu zangu, Profesa akasema.

— Malizia basi, nikamwambia. Ingawa kidonda.

— Hiyo ya kidonda waachie waganga.

Chumvi akageuka, akahamia kwa Profesa. Wa bure ukashinda, vikombe viwili kwa kimoja changu. Mdogo wangu hana kura, maana hanywi kahawa. Profesa akaingia ndani. Alipotoka alikuwa anatabasamu, eti mashine sasa inawaka kabla hujapepesa, na kuuweka ni rahisi ajabu, umemuuliza swali moja tu.

— Swali gani? mdogo wangu akauliza.

— Kama ufute vyote. Nikaukubalia. Mgeni halazwi chumba kichafu.

Mdogo wangu akakaa chini, juu ya viatu vya wateja wangu. Chumvi akasema labda picha zimejificha tu, zinamwonea haya mgeni. Profesa akasema mfumo mzuri hukumbuka hata usichoupa.

Ndipo akaja bwana harusi mwenyewe, macho mekundu. Tukamsogezea nafasi, hakukaa. Akatuambia mama yake amefariki jana. Marehemu hakupenda kabisa kupigwa picha, siku ile tu ya harusi ndiyo alikubali.

— Dada, naomba ya mama kwanza. Iko tayari?

Mdogo wangu akanitazama mimi. Nami nikainamia kiatu cha mtu.