Cherehani Inayoziba Shingo

Bibi aliyeketi nyuma ya abiria wawili basini hakukusudia kusikiliza, ila masikio hayana kifuniko. Fundi wa nguo, cherehani mapajani, alikuwa akimwambia abiria wa pembeni: "Nimeinunua kwenye mnada wa mtandaoni. Kila gauni nikishona, inaziba na tundu la shingo."

"Si umrudishie mwenyewe, dada, akupe pesa zako?"

"Kakubali, tunakutana kituo kijacho. Lakini pesa akae nazo, kaka. Binti yangu alijaribu gauni moja, likamkaba. Tulilichana kwa mkasi, na tangu hapo hana sauti. Hiyo ndiyo arudishe."

Yule kaka akacheka, kisha akaacha.

Basi likasimama kituoni. Nje ya dirisha mzee mmoja, futi ya kupimia shingoni, akaita "Mama!" kwa sauti nyembamba ya mtoto wa kike. Fundi akaitika kabla hajamtazama.