Mwalimu Elkanah Mutai na Ngano ya Béja

Mwalimu Elkanah Kipkemboi Mutai alizaliwa tarehe 9 Mei 1954 huko Moiben, Uasin Gishu, mtoto wa nne wa wakulima wa ngano, marehemu Solomon na Tabitha Mutai.

Alisomea ualimu, akafundisha jiografia kuanzia 1978 hadi 2001. Mwaka 1979 alifunga ndoa na Abigail Jerotich, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 2003 familia ilihamia Wheaton, Maryland, naye akaanza kuhudumia wazee majumbani.

Mwaka 2014 alipangiwa kumhudumia Mzee Habib, mzaliwa wa mkoa wa Béja, Tunisia, ambaye alikuwa amekataa kula. Mwalimu akatafuta la kumchangamsha.

"Mzee, huko kwenu jangwani mlikuwa mnakula nini?"

"Jangwani? Nani amekudanganya? Kwetu ni ngano mpaka macho yachoke!"

Siku hiyo mzee alimaliza bakuli zima la supu huku akieleza vilima vya kijani, mto Medjerda, na korongo wanaojenga viota juu ya nguzo za umeme. Mwalimu alirudi nyumbani amenyong'onyea, akamwambia mkewe:

"Mama Jepkoech, miaka yote ile nimewaambia watoto wa watu kule ni mchanga mtupu."

"Si ndivyo kitabu kilivyosema?"

"Kitabu kilisema. Mimi sikuuliza."

Mzee Habib alipofariki, Mwalimu aliomba likizo. Juni 2016 alikaa Béja wiki tatu kwa dada ya mzee, Bi Zohra, akivuna na wenyeji, akiuliza habari za mbegu na mvua. Walimcheka: mgeni ametoka Amerika kuja kushika udongo! Aliporudi aliwapigia simu wanafunzi wake wa zamani, mmoja baada ya mwingine. "Nilikufundisha vibaya. Nisamehe, sasa sikiliza." Mmoja wao, Kuria, ambaye naye ni mwalimu, alimwomba alifundishe darasa lake kwa video. Alifundisha kwa saa mbili, amesimama.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025, hospitalini, alimuuliza muuguzi wake Gaudiose, Mrundi, kwao wanalima nini. Gaudiose akaanza na maharagwe.

"Ngoja," Mwalimu akasema. "Anza na mvua."

Akafumba macho akisikiliza, mkono wake mkononi mwa Abigail. Hakuyafumbua tena.

Ameacha mjane, Abigail, mabinti, Jepkoech na Chebet, wajukuu watano, na wanafunzi wengi, Kenya na hapa Maryland. Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.