Rangi ya Kanisa Haipitishi Umeme

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Mwenyekiti wetu wa kijiji, kina mama wenzangu wa kikundi, ndugu wageni mliotoka Kabungu na Kasekese, na nyie vijana mliokalia magunia: tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama yake Vénérande, fundi umeme wa magari. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuzaa nilizaa, na leo mtanivumilia maana nitajisifu.

Chumba hiki cha karakana mnajua kilivyogombaniwa. Wengine walitaka kiwe banda la video. Kamati ikamwambia mwanangu: taa za pembeni za lori la kikundi zimekufa, zifufue, chumba ni chako. Na ufunguo Mwenyekiti bado anao mfukoni, mpaka taa ziwake mbele ya watu.

Tulishafunga taa mpya, zikagoma. Tukafunga nyingine, zikagoma. Dereva wetu Onesphore, yule pale kwenye usukani, akasema, "Mama, hizo taa feki, na binti yako atatuunguzia gari." Nikamjibu, "Baba, usitangulie kuungua wewe kwa maneno yako."

Vénérande alishika tasta ya kupimia umeme, akaufuata umeme kutoka kwenye fyuzi mpaka kwenye taa. Akasema, "Mama, umeme unafika, ila hauna njia ya kurudi." Akaingia chini ya bodi, nikamsikia anacheka. Jamani, mnakumbuka jubilei ya parokia? Si sisi kina mama tuliolipaka lori rangi iliyobaki kanisani, tukafungua hadi waya unaorudisha umeme kwenye chasisi, kile chuma cha chini kinachobeba gari, ili tusiache hata kona, kisha tukaufunga juu ya rangi? Rangi haipitishi umeme, hata ikiwa ya kanisa.

Akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akaukaza waya, akapaka grisi. Taa zikawaka zote, isipokuwa moja ya nyuma, iliyoingia maji. Akaitoa, akafunga mpya, nayo ikagoma, Onesphore akaguna. Kumbe taa hizi ukigeuza waya wa chanya na wa hasi haziwaki. Mwanangu hakutetereka: akazigeuza waya, akazifunga tepu, akaondoka kwenda kunawa mikono bila hata kuijaribu.

Jioni hii lori linapeleka mahindi yetu Mpanda, na hatungoji fundi mwingine. Nani kati yenu ana binti kama huyu? Anyooshe mkono nimwone.

Asanteni kwa kunisikiliza kwa masikio. Sasa nawaomba macho. Geukeni nyuma. Onesphore, baba, washa taa. Na wewe Mwenyekiti, ingiza mkono mfukoni.