Marehemu Gerson na Uzio wa Utulivu: Risala ya Wakazi wa Nsengoni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wetu wa Wilaya; Mtawa Mkuu wa Kituo cha Utulivu; wachungaji, wazee wa mila, mabibi na mabwana. Na wewe Brayson, meneja wa Kituo, keti tu. Risala haiumi.

UKARIBISHO

Sisi wakazi wa Nsengoni, hapa mgongoni mwa Mlima Meru, migomba inapoishia na msitu unapoanza, tunakukaribisha, Mheshimiwa, kuzindua ukumbi mpya wa tafakuri wa ndugu zetu Wabudha. Umeona tulivyokupokea. Kina mama wameimba, watoto wamepunga mikono, na Bibi Eunike Nanyaro, mjane wa hapa, amekukabidhi jani refu la kijani. Umelipokea kwa mikono miwili, umetabasamu, picha zimepigwa. Tunaomba uendelee kulishika. Tutalirudia.

HISTORIA

Mheshimiwa, sisi si wepesi wa kusahau. Wazee wetu walitolewa Ngare Nanyuki na mkoloni wakiangalia moshi wa nyumba zao. Tangu siku hiyo, akionekana mtu na kamba ya kupimia, sisi huhesabu watoto, mbuzi na migomba. Shamba hili la juu tumeliona likiwa la mzungu wa kahawa, likawa la umma, likawa la mwekezaji wa maua, likawa la nyani. Kila mwenye nalo alikuja na hotuba. Nyani peke yao ndio waliokula mahindi yetu bila kutuita wadau.

Kisha wakaja Wabudha. Tuseme haki: ni watu wapole. Wamerudisha miti ya asili, wamefufua mfereji, hawajamfukuza hata kuku. Kosa lao ni moja, walimwajiri Brayson, kijana wa mjini, wa Levolosi, aliyekuwa mwongoza watalii kule Momela. Na mwongoza watalii wa Arusha hana neno "sijui" mdomoni. Muulize nyati yule anawaza nini, atakujibu.

Sasa, mume wa Bibi Eunike, marehemu Gerson, alikuwa mpiga tarumbeta wa usharika. Usidhani tarumbeta ya mchezo. Alipiga besi, lile dude la kuvaa begani kama chatu. Akipuliza alfajiri ya Pasaka, mbwa wa Olmotonyi walijibu. Hata akikoroma, alikoroma sauti ya nne. Alipofariki tulimzika kihambani kwake, kwenye migomba ya nyumbani, mpakani na shamba hili. Tukapanda masale, ile mimea ya majani marefu, kumzunguka kama ilivyo desturi, tukaweka jiwe kichwani. Msalaba wa mbao uliliwa na mchwa. Wa saruji ulikuwa unangoja bei ya kahawa, na bei ya kahawa mnaijua wenyewe.

Mafundi wa uzio walipofika waliambiwa wafuate masale, kwa sababu huku kwetu isale ndilo mpaka. Wakayafuata kwa uaminifu. Walipofika kwa Gerson wakayafuata na yale yanayomzunguka, tena kwa upande wa kwetu. Jua lilipozama, Gerson alikuwa mali ya Kituo.

Wageni wa Kituo wakamuuliza Brayson, "Duara hili zuri la majani, na jiwe hili, ni nini?"

Brayson akalitazama kaburi kama anavyotazama twiga. "Hapa," akasema, "amelala mzee wa kale ambaye hakuwahi kusema neno maishani mwake."

MAFANIKIO

Tangu siku hiyo Gerson amepiga hatua kubwa kimaendeleo. Amechongewa njia ya mawe. Kila asubuhi anawekewa maua, taa na ndizi mbivu. Watu wanapanda ndege kuja kumzunguka miguu mitupu, kimya, macho chini. Hakuna marehemu wa Nsengoni aliyefikia hapo, hata mwinjilisti.

Lakini Bibi Eunike alikuwa na kawaida yake. Kila Jumapili akitoka kanisani alipita kaburini na jembe, anapalilia na kumpa mumewe habari: nani kaoa, ndama gani kazaliwa, mahubiri yalikuwa marefu kiasi gani. Jumapili ile akakuta geti.

"Shikamoo, bibi," Brayson akanong'ona.

"Marahaba. Mbona unaongea kama mgonjwa?"

"Hapa ni kimya, bibi. Ni patakatifu."

"Hapa ni kwa Gerson."

"Gerson gani?"

"Wangu!"

Brayson akageuka. Nyuma yake wageni walikuwa wamekaa, macho yamefumbwa. "Bibi yangu, nakuomba. Nimeshawaambia ana miaka elfu."

"Gerson? Hata sabini hakufika!"

Aliruhusiwa kuingia kwa masharti: avue viatu, asilime, asiseme. Akamzunguka mumewe katikati ya mstari wa watu asiowajua, jembe begani. Mgeni mmoja akamwinamia, akachomeka ua kwenye mpini.

Bibi Eunike alirudi akaketi jikoni kwa jirani yake Anneth, akakataa hata chai. "Miaka yote nilimwambia Gerson, nyamaza kidogo, mwanamume wewe," akasema. "Sasa wamemnyamazisha, na mimi juu yake. Nina habari tele, Anneth, sina pa kumwambia."

CHANGAMOTO

Hatuna.

Tueleze, maana huenda Mheshimiwa unatoka mkoa mwingine. Huku mlimani isale lina kazi tatu: linaweka mpaka, linalinda kaburi, na linaomba msamaha. Mtu akikuletea isale ukalipokea, umesamehe. Kosa halifufuliwi tena, hata ukija kulijua baadaye.

Siku uzio ulipokamilika, Brayson aliona vyema majirani wapate zawadi. Akakata masale, akayafunga utepe, akapita nyumba kwa nyumba. Aliyakata wapi? Kwa Gerson. Tukapokea, kitongoji kizima. Halafu tukaitisha kikao kutafuta tumesamehe nini.

"Watu hawaombi msamaha bure," alisema Mzee Sadoki, mkubwa wa ukoo. "Tafuteni."

Tukahesabu watoto, wapo. Mbuzi, wapo. Migomba, ipo. Wengine wakaanza kusema labda Wabudha wana adabu ya kuomba radhi mapema, kosa litafuata. Ndipo Bibi Eunike akasimama nyuma.

"Mmesahau kuhesabu wafu," akasema.

Mzee Sadoki akainamisha kichwa. "Eunike, na wewe ulilipokea?"

"Nililipokea. Na asante nikasema."

"Basi, mama. Limekwisha."

Kwa hiyo, mgeni rasmi, yote tuliyosoma hapo juu si malalamiko. Sisi tulishasamehe. Ni habari tu, kama zile ambazo Bibi Eunike hana pa kuzipeleka.

MAOMBI

Hatuombi uzio uhamishwe, maana kuomba hivyo ni kufufua kosa. Ombi letu ni moja dogo: Mtawa Mkuu aambiwe. Hajui lolote, kwa kuwa mkalimani wake ni Brayson. Hata sasa tunamwona Brayson anamtafsiria risala hii sikioni, na Mtawa anatabasamu. Kwa tabasamu hilo tunajua anayotafsiriwa siyo haya tunayosoma.

HITIMISHO

Turudi kwenye jani uliloshika. Naam, ni isale. Umelipokea mbele ya wachungaji, wazee na kamera. Mtawa Mkuu amepokea lake kwa kuinama. Brayson, kwa tahadhari, tumempa mawili. Mmetusamehe nyote, na tunawashukuru kwa moyo huo mkubwa.

Sasa tuwaambie kosa lenyewe.

Alfajiri ya leo, walinzi walipokuwa wanapanga viti vyenu, vijana wetu waling'oa nguzo za uzio upande wa Gerson wakazisimamisha ng'ambo yake, wakashindilia udongo vizuri. Hawakuvunja nguzo wala kukata waya. Gerson amerudi kihambani kwake. Njia ya mawe, taa na maua vibaki. Kuanzia leo wageni wa Kituo wanakaribishwa kumzunguka wakipitia kwa Bibi Eunike, na atawasimulia yeye mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani. Chai ipo.

Kosa la pili bado halijatendeka, ila limeshasamehewa. Wale waliokaa mstari wa nyuma, wenye vitu vikubwa vilivyofunikwa vitenge, si wanakwaya. Ni bendi ya matarumbeta ya usharika. Nafasi ya besi iliachwa wazi tangu tulipomzika Gerson. Leo besi lake limebebwa na Bibi Eunike. Hajawahi kupuliza, na hatukupata pa kumfundishia kwa sababu ya kimya. Atapuliza hivyo hivyo.

Mheshimiwa, Mungu wa mlima huu akupe maisha marefu, watoto wenye utii na mvua kwa wakati wake. Na kwa dakika chache zijazo ayalinde masikio yako.

Bibi, vuta pumzi.

Ni sisi,
Wakazi wa Kitongoji cha Nsengoni, walio hai, pamoja na Gerson.