Seneta Aliyekula Pilau Yetu

Mbele yangu, ndani ya basi la njia ya Kipling, Watanzania wawili, mama na bwana, walizungumza kwa sauti ya watu walioamini kwamba mtaa mzima wa Rexdale, huku ng'ambo ya mpaka wa Marekani, haujui Kiswahili. Kwenye simu ya yule mama, seneta mmoja wa Marekani alikuwa anahutubia.

"Nicolaus, huyu si ndiye aliyekuja kanisani kwenu ulipokuwa Ohio, akala pilau sahani mbili?"

"Ndiye, dada Philomena. Akacheza na kwaya."

"Umeya kaupata kwa chama kile, ugavana ukamshinda, kahamia hiki cha sasa. Kwetu angesema amehama kuunga mkono juhudi za rais! Leo eti wageni wafukuzwe."

"Siasa hizo. Ametoka mbali yule, baba yake alikuwa fundi viatu."

"Ndiyo maana anabadili viatu kila uchaguzi."

Nicolaus alimtetea kwa bidii ya mtu anayelipwa, na sikuona dalili kwamba analipwa.

"Mdogo wako bado yuko kulekule Ohio, anasubiri makaratasi ya ukaazi?"

"Anasubiri."

"Na ile picha mliyopiga mmekumbatiana na seneta, bado iko sebuleni kwako?"

Nicolaus aliyatazama maghala yaliyokuwa yanapita dirishani, kana kwamba ameyaona leo.

"Ipo. Watu wakiiona wananiheshimu."

"Sasa mdogo wako akikupigia simu ya video, huwa unakaa upande gani wa hiyo picha?"

Basi likasimama kituo cha mwisho, milango ikafunguka. Nicolaus alikuwa wa kwanza kushuka, ilhali ndiye aliyekaa dirishani.