Marehemu Sipriani Mbawala na Uloto Uliochaguliwa na Kikao

Ndugu waombolezaji, mimi ni Benigna, dada wa marehemu. Sipriani Mbawala alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika kijiji cha Mpitimbi, mtoto wa pili kati ya watatu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari mjini Songea, akamaliza mwaka 2000.

Kwa miaka kumi na nane alikuwa mkaguzi wa mahindi ghalani. Punje aliipima kwa meno kabla ya mashine. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, alichota punje kwenye gunia la baba mkwe, akaiuma, akasema, "Bado hayajakauka, mzee, yataota kuvu." Alipewa mke hata hivyo. Alifunga ndoa na Beata tarehe 12 Septemba 2009.

Agosti 2024 aligundulika na saratani ya damu. Madaktari nchini India walitaka apandikizwe uloto, ute wa ndani ya mifupa, kutoka kwa ndugu. Mimi na mdogo wetu Hironimus sote tulifaa. Lakini vipimo vilionyesha Hironimus ana virusi vilivyolala mwilini, vya kawaida, visivyomsumbua mtu mwenye afya. Sipriani hakuwahi kuvipata, wala mimi. Daktari akasema nitoe mimi.

Ukoo ukaketi. Baba mdogo Romanus akasema, "Benigna ametolewa mahari. Uloto wake ni wa ukoo wa watu." Daktari akaambiwa nimekataa. Mahindi yakipimwa tunaamini. Mtu akipimwa tunaitisha kikao. Nilinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo inanitia kichefuchefu mpaka leo.

Akaenda Hironimus. Uloto ulipandikizwa tarehe 18 Machi 2025, ukashika vizuri. Wiki ya saba virusi viliamka ndani ya mwili usio na kinga, vikaingia kwenye mapafu. Sipriani alifariki tarehe 30 Mei 2025.

Tangu msiba uanze, kikombe cha Hironimus kimefungwa uzi mwekundu, mtu asije akakinywea. Waliofunga ni wale wale waliomtuma. Nasikia kinyaa, na sitakificha mbele ya jeneza. Virusi hivyo wengi wetu hapa tunavyo. Leo asubuhi nimeukata uzi ule, nikanywea uji kikombe hicho.

Niliambiwa pia niliondoe jina la Hironimus kwenye wasifu huu. Marehemu ameacha mjane, Beata, watoto wawili, Careen na Jeremia, dada aliyenyamaza, na mdogo wake Hironimus, aliyempa alichokuwa nacho. Huyo ndiye atakayetangulia kutupa udongo.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Kikao kimefungwa.